Namna ya Kutumia Setilaiti Ndogo Kuchunguza Dalili Zinazodhaniwa Kutangulia Matetemeko ya Ardhi

Mwongozo huu ni kwa ajili ya wanafunzi wa vyuo vikuu, wahadhiri wao na vikundi vya wahandisi vinavyotaka kujua kama setilaiti ndogo, ya aina ambayo Kenya iliipeleka angani mwaka 2018 kwa jina la 1KUNS-PF, Rwanda mwaka 2019 kwa jina la RWASAT-1 na Uganda mwaka 2022 kwa jina la PearlAfricaSat-1, inaweza kutumiwa kuchunguza dalili zinazosemekana kutangulia matetemeko ya ardhi. Kuchunguza inawezekana. Kutabiri hakuwezekani, na mtu anayeahidi kutaja siku na mahali pa tetemeko kwa chombo cha kilo chache anapaswa kuombwa ushahidi kabla ya kupewa fedha. Baada ya tetemeko la L'Aquila la tarehe 6 Aprili 2009, serikali ya Italia iliunda tume ya kimataifa ya wataalamu, na ripoti ya tume hiyo ya mwaka 2011 ilieleza kwamba hakuna dalili hata moja iliyothibitishwa kuwa ya kutegemewa katika utabiri. Kilichobaki wazi kwa mtafiti ni kuyapima madai yaliyopo, na kazi hiyo ina heshima yake.

Timu nyingi huanza kwa kuagiza fremu, betri na paneli za sola, kisha hutafuta swali la kisayansi la kutia ndani ya sanduku hilo. Mpangilio wa mwongozo huu umegeuzwa makusudi: kwanza dai, kisha data ambazo wengine wamekwisha kuzikusanya, kisha hesabu, na mwisho kabisa setilaiti yenyewe. Timu itakayofuata njia hii huenda ikagundua katikati kwamba haihitaji kurusha chochote, na hapo itakuwa imeokoa fedha nyingi.

Chagua dai moja na uliandike lote

Dai la kwamba anga hubadilika kabla ya tetemeko halipimiki, kwa sababu anga hubadilika kila saa. Dai linalopimika hutaja kitu kinachopimwa, umbali kutoka kwenye kitovu, saa au siku kabla ya tukio, ukubwa na kina cha matetemeko yanayohusika, na mwelekeo wa badiliko, yaani kama kipimo kinatarajiwa kupanda au kushuka. Mfano bora ninaoufahamu umetokana na DEMETER, setilaiti ya Ufaransa yenye uzito wa kilo 130 hivi, iliyorushwa kutoka Baikonur tarehe 29 Juni 2004 na kufanya kazi hadi Desemba 2010. Mwaka 2008 mtafiti František Němec na wenzake walichapisha uchambuzi uliodai kwamba, wakati wa usiku, nguvu ya mawimbi ya sumakuumeme yenye masafa ya karibu kilohezi 1.7 hupungua kidogo ndani ya saa nne kabla ya matetemeko yenye ukubwa wa 4.8 au zaidi ambayo kina chake hakizidi kilomita 40. Kila sehemu ya dai hilo inaweza kukaguliwa na mtu mwingine, na kila sehemu inaweza kushindwa. Ni dai dogo pia, kwani badiliko linajitokeza pale tu maelfu ya matetemeko yanapowekwa pamoja. Ukitazama tetemeko mojamoja, linafunikwa kabisa na mabadiliko ya kawaida ya anga.

Masafa hayo hayakutoka hewani. Kati ya uso wa dunia na ukingo wa chini wa ionosfia, ile tabaka ya anga yenye elektroni huru, kuna nafasi inayosafirisha mawimbi ya redio yanayozalishwa na radi, na mawimbi yaliyo chini ya kiwango fulani cha masafa husafirishwa vibaya humo. Kiwango hicho hukadiriwa kwa kugawanya kasi ya mwanga kwa mara mbili ya kimo cha ukingo. Usiku ukingo huwa kwenye kilomita 88 hivi, na hesabu inakupa kilohezi 1.7. Ukingo ukishuka kwa kilomita mbili, kiwango kinapanda hadi takriban kilohezi 1.74, na setilaiti iliyo juu itaona nguvu kidogo kuliko kawaida katika masafa yaliyo hapo mpakani. Kwa hiyo dai la DEMETER, likisomwa kwa makini, linahusu kimo cha ionosfia, na swali la kweli ni nini kinachoweza kuishusha kabla ya tetemeko.

Swali hilo lisirukwe, maana ndipo miradi mingi inapoteleza. Watu hudhani kwamba mwamba unaobanwa chini ya ardhi hutoa mawimbi ya redio yanayopanda moja kwa moja hadi kwenye setilaiti. Fanya hesabu ifuatayo kabla ya kuamini: kina ambacho wimbi hupita ndani ya mwamba kabla ya kimo cha mtikisiko wake kushuka hadi asilimia 37, kwa mita, ni 503 mara kipeuo cha pili cha ukinzani wa mwamba uliogawanywa kwa masafa. Kwa mwamba wenye ukinzani wa omu-mita 100, wimbi la hezi 1 hupita kilomita 5, wimbi la hezi 0.01 hupita kilomita 50, lakini wimbi la kilohezi 1.7 halipiti hata mita 125. Wimbi la namna hiyo likizaliwa kwenye kina cha kilomita 15 halitaufikia uso wa ardhi, sembuse setilaiti. Ndiyo maana kila anayedai mabadiliko katika kilohezi analazimika kutaja mpatanishi kati ya mwamba na anga. Wengine hutaja gesi ya radoni inayotoka kwenye nyufa na kuongeza ioni hewani. Mtafiti Friedemann Freund amependekeza kwamba mwamba unaobanwa huachilia chaji za umeme zinazosafiri hadi juu ya ardhi. Wengine hutaja mawimbi ya mgandamizo wa hewa. Hakuna mpatanishi kati ya hawa aliyethibitishwa kwenye tetemeko halisi, na andiko la mradi wako linapaswa kusema hivyo waziwazi, likitaja ni yupi unayempima.

Ukihitaji kuamua umbali kutoka kitovu, watafiti wengi hutumia kanuni ya Dobrovolsky ya mwaka 1979, ambayo inakadiria nusukipenyo cha eneo linaloandaliwa kwa tetemeko, kwa kilomita, kuwa 10 iliyopandishwa kwa kipeo cha 0.43 mara ukubwa. Tetemeko la 5 linapata kilomita 141, la 6 kilomita 380, la 7 kilomita 1,023. Itumie ukipenda, ila uiamue kabla ya kuona data.

Tumia kwanza data zilizopo

Wazo la kutumia setilaiti ndogo kwa kazi hii si geni. QuakeSat, iliyojengwa kwa ushirikiano wa Chuo Kikuu cha Stanford na kampuni ya QuakeFinder na kurushwa kutoka Plesetsk tarehe 30 Juni 2003, ilikuwa na ukubwa wa vipande vitatu vya sentimita 10 kwa 10 kwa 10 vilivyounganishwa, ikiwa na kipima sumaku kwenye mkono uliojikunjua angani. Ilifanya kazi kwa muda mrefu kuliko ilivyotarajiwa, ikarekodi milipuko mingi ya mawimbi, na haikutoa ushahidi thabiti wa uhusiano na matetemeko. Hilo ni tokeo halali, nalo linakuonya kwamba kurusha chombo kingine cha namna ileile bila swali kali zaidi ni kurudia safari.

Leo mtafiti aliyeko Dodoma, Eldoret au Bukavu mwenye kompyuta ya kawaida anaweza kupata data nyingi kuliko ambazo QuakeSat iliwahi kuzishusha. Setilaiti tatu za Swarm za Shirika la Anga za Juu la Ulaya, zilizorushwa tarehe 22 Novemba 2013, zinapima uga wa sumaku na wingi wa elektroni, na data zake hutolewa bure. Zhangheng-1 ya China, iliyotengenezwa kwa ushiriki wa Italia na kurushwa tarehe 2 Februari 2018 kwa ajili ya utafiti wa aina hii hasa, hupita kwenye kimo cha kilomita 507 karibu saa nane mchana na saa nane usiku kwa saa za mahali inapopita, na pacha wake alifuata Juni 2025. Kwa sisi tulio karibu na ikweta, COSMIC-2 ni hazina: ni setilaiti sita zilizorushwa tarehe 25 Juni 2019 katika obiti yenye mwinamo wa nyuzi 24 kutoka kwenye ikweta, na kwa kufuata ishara za GPS zinapozama nyuma ya upeo wa dunia huchora wingi wa elektroni kimo kwa kimo. Orodha ya matetemeko pakua kutoka kwa Idara ya Jiolojia ya Marekani, ukichukua saa, latitudo, longitudo, kina na ukubwa.

Zoezi la kwanza lisiwe kutafuta dalili ya kabla ya tetemeko. Tafuta kwanza ishara ambayo hakuna anayeibishia, yaani ile inayofuata tetemeko. Ardhi inapoinuka ghafla husukuma hewa, na wimbi hilo hupanda hadi ionosfia kwa dakika nane hadi kumi hivi; baada ya tetemeko la Tohoku la tarehe 11 Machi 2011 vipokezi vya GPS vya Japani viliyaona mawimbi hayo kwa uwazi mkubwa, na setilaiti ya GOCE iliyahisi kwenye kimo cha kilomita 270 hivi. Programu yako ikishindwa kuonyesha mawimbi hayo katika data za siku ile, haina haki ya kutafuta kitu kilicho hafifu mara nyingi zaidi.

Ondoa jua, radi na ikweta

Hapa ndipo kazi ilipo. Uga wa sumaku wa dunia huwa kati ya nanotesla 25,000 na 65,000 kwenye uso wa ardhi, dhoruba ya kawaida inayotoka juani huutikisa kwa makumi au mamia ya nanotesla, na kile unachokitafuta ni sehemu ndogo ya nanotesla. Chukua vipimo viwili vya misukosuko ya uga wa sumaku wa dunia, yaani Kp, ambacho kituo cha utafiti cha GFZ cha Potsdam, Ujerumani, hukitoa kwa kila saa tatu, na Dst kinachotolewa Kyoto, Japani, kisha utupe vipande vyote vya data ambavyo Kp imefika 3 au zaidi, pamoja na saa ishirini na nne zinazofuata, kwa kuwa ionosfia hukawia kutulia. Utapoteza sehemu kubwa ya data, hasa katika miaka ambayo jua limechangamka katika mzunguko wake wa miaka 11, na usishawishike kulegeza kigezo kwa sababu tetemeko kubwa uliloliona kwenye habari limeangukia siku iliyotupwa.

Tohoku lenyewe linafundisha. Mtafiti Kosuke Heki alichapisha mwaka 2011 kwamba wingi wa elektroni juu ya kitovu ulianza kupanda dakika 40 hivi kabla ya tetemeko. Wakosoaji walijibu kwamba mstari wa kulinganishia ulichorwa kwa kutumia pia data za baada ya tetemeko, wakati elektroni zilikuwa zimepungua kutokana na tetemeko na tsunami, hivyo sehemu ya katikati ikaonekana imeinuka. Zaidi ya hayo, siku hiyo kulikuwa na dhoruba ya sumaku. Mjadala uliendelea kwa miaka. Kwa mtafiti anayeanza, funzo la kiufundi ni moja: mstari wa kulinganishia uchorwe kwa data za kabla ya tukio tu, kwa kanuni ileile kwa siku zote, zenye tetemeko na zisizo na tetemeko.

Afrika Mashariki ina magumu yake ambayo miongozo iliyoandikwa kwa ajili ya Japani au Italia huyapita juujuu. Ikweta ya sumaku, yaani mstari ambapo uga wa sumaku wa dunia umelala sambamba na ardhi, haifuati ikweta ya ramani. Upande wetu inapita juu ya Ethiopia, karibu na Addis Ababa, na kati ya kanda mbili zenye elektroni nyingi zilizo pande zake, ule wa kusini unaangukia juu ya Kenya na Tanzania. Baada ya jua kuzama, hasa karibu na Machi na Septemba, mapovu yenye elektroni chache hupanda kutoka chini ya ionosfia na kuitoboa hadi karibu na usiku wa manane, na setilaiti inayokatiza povu moja itaona badiliko kubwa kuliko lolote linalodaiwa kutokana na matetemeko. Ukipima elektroni, tumia data za baada ya saa sita usiku, au andika kanuni ya kuyatambua mapovu na kuyaondoa.

Ukipima mawimbi ya kilohezi, adui wako ni radi. Mashariki mwa Kongo, upande wa Kivu, ni miongoni mwa sehemu zinazopigwa na radi nyingi kuliko zote duniani, na ndiko hasa uliko mkono wa magharibi wa Bonde la Ufa wenye matetemeko. Nguvu ya kilohezi 1.7 juu ya Bukavu inapungua pale mawingu ya radi yanapotulia, na mawingu hayo yana majira yake ya mwaka na saa zake za siku. Mtu anayelinganisha usiku mmoja wa kiangazi na wastani wa mwaka mzima atapata kupungua kwa ajabu ambako hakuna uhusiano wowote na miamba. Linganisha usiku wa Julai na nyusiku nyingine za Julai mahali palepale, na utumie takwimu za radi kutoka angani, kama zile za kipimaradi kilichokuwa kwenye Kituo cha Kimataifa cha Anga za Juu kuanzia 2017 hadi 2023.

Hesabu ambayo haikubembelezi

Mtafiti wa kwetu hutamani kuanza na matetemeko ya kwetu, na hapo hukutana na ukweli mgumu. Tetemeko la Ziwa Tanganyika la tarehe 5 Desemba 2005, lenye ukubwa wa 6.8, lilitokea DEMETER ikiwa tayari angani, lakini lilitokea saa 9:19 alasiri kwa saa za Afrika Mashariki. Tetemeko la Kagera la tarehe 10 Septemba 2016, lenye ukubwa wa 5.9, lilitokea saa 9:27 alasiri. Dai la kilohezi 1.7 linahusu muda wa saa nne kabla ya tukio, muda huo ukiwa wa usiku. Kwa matetemeko yote mawili saa hizo zilikuwa za mchana, na hakuna cha kupima. Matukio ya hapa yanayotimiza masharti ni machache mno kuweza kubeba takwimu. Utafiti ufanywe kwa dunia nzima, ambako kwa wastani hutokea matetemeko 1,300 hivi ya ukubwa wa 5 hadi 5.9 kwa mwaka, takriban 130 ya 6 hadi 6.9, na 15 hivi ya 7 hadi 7.9, kisha Bonde la Ufa lichunguzwe baadaye kama kisa maalumu, kwa kanuni zilezile.

Kisha jihadhari na kubahatisha. Tuseme eneo lenye nusukipenyo cha kilomita 500 hupata matetemeko 20 ya ukubwa wa 5 au zaidi kwa mwaka, na wewe unahesabu dalili kuwa imefaulu ikiwa tetemeko litafuata ndani ya siku 10. Hata ukichagua siku kwa kura, utafaulu mara nne katika kila kumi, kwa sababu matetemeko yatatarajiwa 0.55 katika kila dirisha la siku 10. Grafu zinazoonyesha dalili na tetemeko lililofuata huwa zinavutia, lakini bila kiwango hiki cha kubahatisha hazina uzito. Vivyo hivyo, ukijaribu vipimo vitano kwa madirisha manne ya muda, umefanya majaribio 20, na kwa kigezo cha kawaida cha asilimia 5 unatarajia moja lifaulu kwa bahati tu.

Njia inayofaa ni kuyapanga matetemeko yote kwa kurejelea saa ya tukio, kana kwamba yote yalitokea saa sifuri, na kuchukua wastani wa kipimo kwa kila saa kabla na baada. Ondoa kwanza matetemeko madogo yanayofuata lile kubwa, la sivyo utahesabu tukio moja mara hamsini. Kisha rudia kazi yote kwa orodha ya uongo: mahali palepale, mwezi uleule na saa ileile ya siku, lakini miaka ambayo hapakuwa na tetemeko. Tengeneza orodha elfu moja za namna hiyo. Tokeo la kweli likiwa katikati ya matokeo ya orodha za uongo, dai limeshindwa. Hesabu pia upande wa pili, ambao wengi huusahau: ni mara ngapi dalili ilitokea na tetemeko lisifuate.

Kanuni hizi zote, kuanzia kigezo cha Kp hadi upana wa dirisha, ziandikwe na kuwekwa kwenye hifadhi ya wazi yenye tarehe, kwa mfano Zenodo, kabla ya kuzigusa data za majaribio. Tumia nusu ya miaka kujifunzia na nusu nyingine kupimia mara moja tu. Ninalisisitiza hili kwa sababu katika fani hii madai mengi yalitengenezwa baada ya tetemeko kujulikana. Kipima sumaku cha Corralitos, kilomita 7 tu kutoka kitovu cha tetemeko la Loma Prieta, California, la tarehe 17 Oktoba 1989, kilionyesha ongezeko kabla ya tukio na kuwatia watu shauku kwa miaka ishirini, hadi mwaka 2009 chambuzi mbili tofauti zilipodai kuwa chanzo kilikuwa hitilafu ya mtambo, kwa mujibu wa mojawapo, au misukosuko ya kawaida ya sumaku, kwa mujibu wa nyingine.

Ikiwa bado unataka kujenga

Sababu nzuri ya kujenga ni kwamba data zilizopo zina pengo ambalo dai lako linahitaji lizibwe. Pengo kubwa ni la muda. Setilaiti kwenye kimo cha kilomita 500 huzunguka dunia mara 15 hivi kwa siku, na kwenye ikweta njia zake za usiku huachana kwa kilomita 2,600 hivi. Uwezekano wa kupita ndani ya kilomita 500 kutoka mahali fulani usiku fulani ni kama asilimia 38, na ikipita, hukaa ndani ya mduara huo kwa dakika mbili na sekunde ishirini hivi kwa wingi zaidi. Kwa dai la saa nne, setilaiti moja haioni sehemu kubwa ya matetemeko. Setilaiti sita ndogo za bei nafuu zilizotawanywa zinafaa kuliko moja iliyosheheni vipimo, na hapo ndipo udogo wa chombo unakuwa faida halisi. Kwa hiyo tafuteni vyuo vingine vya kushirikiana navyo mapema.

Obiti nayo inachagua swali. 1KUNS-PF iliachiliwa kutoka Kituo cha Kimataifa cha Anga za Juu kupitia mpango wa KiboCUBE wa Japani na Umoja wa Mataifa, na njia hiyo ni rahisi kwa nchi zinazoanza. Lakini obiti ya kituo hicho, yenye mwinamo wa nyuzi 51.6, hubadilisha saa yake ya kupita kwa dakika 24 hivi kila siku, hivyo data zako zitazunguka kutoka usiku hadi mchana na kurudi kwa muda wa siku 60 hivi. Dai linalohusu usiku linahitaji obiti inayofuata jua, yaani inayopita kila mahali kwa saa zilezile za siku, yenye mwinamo wa nyuzi 97.4 kwenye kimo cha kilomita 500. Chombo kikiachiliwa kwenye kimo cha kituo hicho, huanguka na kuungua ndani ya mwaka mmoja au miwili. Kwenye kilomita 500 kinaweza kudumu miaka kadhaa, na kanuni mpya za uchafu wa angani za Marekani na Ulaya zinataka kishuke ndani ya miaka 5 baada ya kazi kwisha.

Kuhusu vipimo, chagua kimoja na ukifanye vizuri. Kipokezi cha GPS cha masafa mawili hakihitaji mkono wala usafi mkubwa wa sumaku, na kwa timu ya kwanza ningekipa nafasi ya mbele. Kipima elektroni cha sindano ni chepesi, ila kinahitaji mwili wa setilaiti uwe na eneo la metali lililo wazi na kubwa mara nyingi kuliko sindano yenyewe, la sivyo chombo kizima kitajichaji na vipimo vitapotoka. Kipima sumaku cha koili ndicho kigumu zaidi, kwa kuwa kitasikia kila waya ulio jirani. Kiweke kwenye mkono, zima koili za kugeuzia setilaiti wakati wa kupima, pima usiku wakati paneli za sola hazipitishi mkondo, na urekodi mkondo wa kila saketi sambamba na data za sayansi ili uweze baadaye kuonyesha kwamba badiliko halikutoka ndani. Kabla ya kurusha, peleka chombo kizima kikiwa kimewashwa mahali palipo mbali na mji na nyaya za umeme, ukisikilize kwa usiku kadhaa. Umbali huo ni wa lazima: umeme wa hezi 50 una vizidishe vyake, na kizidishe cha 34 kinaangukia hezi 1,700 kamili.

Njia ya kushusha data hupangwa mapema, kwani ndiyo huamua kompyuta ya ndani ifanye nini. Redio ya kawaida ya megahezi 437 yenye kasi ya biti 9,600 kwa sekunde hushusha kilobaiti 720 kwa mpito mzuri wa dakika kumi, na kituo kilicho karibu na ikweta hupata mipito minne hivi kwa siku, mingine ikiwa chini kwenye upeo. Koili inayosoma mara 4,000 kwa sekunde kwa baiti mbili kila somo hujaza kilobaiti hizo kwa sekunde 90. Hivyo basi kompyuta ya ndani lazima ibadilishe mawimbi kuwa jedwali la nguvu kwa kila ukanda wa masafa. Kanda 64 za baiti moja kwa kila sekunde, katika sehemu ya usiku ya obiti, yenye dakika 35 hivi, hutoa kilobaiti 134 hivi tu. Hifadhi data ghafi za saa chache zilizopita kwenye kumbukumbu, ili uweze kuomba kipande kidogo pale inapohitajika. Mtandao wa wazi wa SatNOGS, wenye vituo vya watu wanaojitolea duniani kote, unaweza kukuongezea mipito, mradi umechapisha muundo wa ishara zako.

Leseni ya masafa anza kuiomba mara tu obiti inapojulikana. Maombi hupitia kwa mdhibiti wa mawasiliano wa nchi, kwa mfano TCRA nchini Tanzania, ambaye huyapeleka kwa Umoja wa Kimataifa wa Mawasiliano, na kama utatumia bendi ya redio za ridhaa utahitaji pia uratibu wa umoja wa maredio hayo. Makaratasi haya yamekwamisha miradi mingi kuliko betri.

Usemi hadharani na hatima ya data

Kubalianeni ndani ya timu, kwa maandishi, kwamba hakuna mwanachama atakayetangaza dalili yoyote kama onyo, iwe kwenye redio, kwenye kundi la WhatsApp au kwa kiongozi wa mtaa. Watu wa Goma walioyahisi matetemeko yaliyofuata mlipuko wa Nyiragongo wa tarehe 22 Mei 2021, na kuhama kwa maelfu, wanahitaji taarifa kutoka kwa taasisi yenye jukumu hilo. Nchini Tanzania taasisi hiyo ni ile ya Jiolojia na Utafiti wa Madini, GST, na inafaa ijue kuhusu mradi wako tangu siku za mwanzo, hata kama haitoi fedha. Ukipata jambo la ajabu, kanuni ulizoziweka Zenodo ndizo zitakazosema kama lina maana, na hilo litachukua miezi.

Data zote zichapishwe pamoja na vipimo vya urekebishaji, kumbukumbu za mikondo ya ndani na msimbo wa uchambuzi, hasa ikiwa dai limeshindwa. DEMETER ilimaliza kazi Desemba 2010, lakini kwa kuwa data zake zilihifadhiwa vizuri, David Píša na wenzake waliweza miaka michache baadaye kurudia uchambuzi wa kilohezi 1.7 kwa kipindi chote cha miaka sita na nusu, na yeyote mwenye shaka na matokeo yao bado anaweza kuomba data hizohizo na kuanza hesabu upya.